Zege Lisiloonekana: Kwa Nini Tunaomba Madarasa Mawili Badala ya Matatu

Hotuba ya Kamati ya Ujenzi katika mkutano wa mwaka na harambee ya chama

  Tunawashukuru ndugu zetu wa kijijini, ambao tangu mwaka jana wamesomba mawe, wamefyatua matofali na kuyachoma bila kulipwa hata senti moja.

Kamati ya Ujenzi tumepewa dakika chache kueleza jambo moja. Mkutano uliopita uliagiza yajengwe madarasa matatu katika shule yetu ya msingi. Tumepiga hesabu, tumekaa na mafundi, tumeomba ushauri wa wahandisi, na leo tumerudi kwenu na ombi ambalo tunajua halitamfurahisha kila mtu. Kwa fedha tunazotarajia mwaka huu, tujenge madarasa mawili. Fedha ya darasa la tatu iingie kwenye zege la yale mawili: msingi, mikanda na jamvi. Tunaomba mtusikilize kwanza, kisha mkutano uamue.

Jumamosi ile

Wengi wenu mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ile tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule kongwe kama Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mkoa wetu haupo mbali na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi hii imetikisika na itatikisika tena. Siku na saa hakuna ajuaye.

Jambo moja hatulisemi mara nyingi. Ilikuwa Jumamosi. Madarasa ya shule za kutwa yalikuwa matupu. Tetemeko lilelile lingepiga Jumatatu saa nne asubuhi, leo tungekuwa tunahesabu mengine.

Tujiulize, kuta zile zilianguka vipi? Tofali la kuchoma ni zuri likikandamizwa kutoka juu. Linabeba paa miaka na miaka bila kulalamika. Lakini tofali juu ya tofali, lililoshikwa kwa udongo au kwa saruji kidogo, halina kinachoshikilia likivutwa upande. Ardhi ikisukuma, kila ukuta unakwenda njia yake. Pembe zinaachana kwanza. Kisha ile sehemu ya pembetatu inayofunga paa inamwagika, mara nyingi juu ya aliye mlangoni akikimbilia nje.

Wazee wetu walioishi kwenye msonge walikuwa na nyumba ya miti na nyasi. Msonge ukitikiswa unapinda na kurudi, na hata ukianguka hauna uzito wa kumponda mtu. Hatusemi turudi kwenye msonge. Tofali linazuia mvua na moto, na watoto wetu wanastahili jengo la kudumu. Tunachosema ni kwamba mwenye kujenga kwa kitu kizito anahitaji kamba ya kukifunga. Katika nyumba ya tofali, kamba hiyo ni zege lenye nondo.

Zege ni nini hasa

Zege ni kokoto, mchanga, saruji na maji. Kokoto ndiyo mifupa, mchanga unajaza nafasi kati ya kokoto, na saruji ikikutana na maji inakuwa gundi inayovishika vyote. Wengi hudhani zege hukauka kama udongo unavyokauka juani. Sivyo. Saruji huungana na maji na kuzaa kitu kipya kigumu, na ndiyo sababu zege hushika hata likimwagwa chini ya maji. Tuliweke hilo moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Fikra ya kushikanisha mawe kwa gundi ni ya kale, na si ya kigeni kwetu. Nenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu: mawe ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa, na kuba zake zimesimama kwa karne nyingi. Kule Rumi, jengo la Pantheon lina kuba la zege lenye upana wa mita 43 lisilo na chuma ndani, nalo lina miaka karibu 1,900. Saruji tunayonunua leo madukani ilianzia Uingereza mwaka 1824, Joseph Aspdin wa Leeds alipopata hataza ya kile alichokiita saruji ya Portland, kwa kuwa ilifanana na jiwe la mahali paitwapo Portland. Nchini kwetu, kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966.

Zege lina udhaifu mmoja mkubwa. Likibanwa lina nguvu kama jiwe. Likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Dawa yake ilipatikana Ufaransa. Mtunza bustani Joseph Monier alikuwa akitengeneza vyungu vya maua vya saruji vyenye waya wa chuma ndani, na mwaka 1867 akapata hataza. Chuma hupokea mvuto, zege hupokea mbano. Na Mungu ametujalia bahati mbili: chuma na zege hutanuka kwa joto karibu sawasawa, kwa hiyo haviachani, na zege lililoshiba vizuri huilinda nondo isishike kutu.

Ndoa hiyo ya zege na nondo ndiyo iliyowapa wachoraji ramani uhuru walio nao leo. Katika nyumba za kale za pwani, dari lilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba vilikuwa vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi. Boriti ya zege hupita juu ya dirisha pana bila kulegea, na hivyo darasa hupata mwanga na hewa. Mchwa hawaili, moto hauliwashi, na katika mkoa wa mvua nyingi kama wetu haliozi. Tena halichagui umbo: ubao ukikatwa kwa mviringo, zege litakuwa la mviringo. Kwa zege tutapata sakafu ya choo inayosafishika, kitako cha tangi la maji ya mvua, na mteremko wa kumwingiza darasani mtoto anayetumia kiti cha magurudumu.

Mikanda mitatu

Sasa tuje kwenye jengo letu. Madarasa mawili yaliyoungana yana urefu wa mita 18 na upana wa mita 7, na ukuta mmoja katikati. Ukizunguka kuta zote, pamoja na ule wa kati, unapata mita 57.

Tunataka jengo hilo lifungwe kwa mikanda mitatu ya zege, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni juu, kati na chini. Mkanda wa kwanza unakaa juu ya msingi, chini ya matofali. Wa pili unakaa usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha. Wa tatu unakaa juu kabisa, pale paa linapofungwa. Mikanda hii isikatike popote. Lenta ya vipande, inayokaa juu ya dirisha na kuishia hapo, inalibebea dirisha tofali za juu yake, lakini hailishiki jengo. Mkanda unaozunguka unazishika pembe zote nne, ardhi ikitikisika kuta zinakwenda pamoja kama sanduku.

Hesabu ni hii. Mkanda mmoja wenye upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 20 unahitaji zege kama mita za ujazo 2.6. Kwa mchanganyiko wa saruji ndoo moja, mchanga ndoo moja na nusu, na kokoto ndoo tatu, hiyo ni mifuko 21 ya saruji ya kilo 50. Nondo za milimita 12 zikipita nne kwa nne, na tukihesabu mahali zinapolaliana, ni nondo 22 za mita 12. Ringi za milimita 8, moja kila sentimita 20, zinakaribia 290. Zidisha mara tatu: mifuko 63, nondo 66. Hayo ndiyo yanayolifunga jengo zima. Yote mengine, matofali, mabati, rangi na madirisha, yanakaa ndani ya kifungo hicho.

Hatuombi zege kila mahali. Utengenezaji wa saruji hutoa hewa ukaa nyingi, kiasi cha asilimia 7 hivi ya ile yote ambayo wanadamu huitoa duniani, na kwetu kila mfuko unasafiri mbali kwa lori kabla ya kufika. Kuta zitabaki za matofali ambayo wananchi wameshayachoma. Zege liende pale tu ambapo hakuna kingine kinachoweza kufanya kazi yake.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali

Huenda mmoja wenu akasema: basi nunueni hiyo mifuko na nondo, mumalize. Laiti ingekuwa hivyo. Zege baya ni hatari kuliko kukosa zege, maana ni zito na linaonekana zima.

Tarehe 29 Machi 2013, jijini Dar es Salaam, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Siku ile hapakuwa na tetemeko lolote. Angalieni pia mwaka 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Haiti, na makumi kwa makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao chini ya zege lililokosa nondo za kutosha na saruji ya kutosha. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, lenye nishati mara mamia kuliko lile la Haiti, na waliofariki walikuwa takribani 500. Nchi zote mbili zinajenga kwa zege. Chile ilikuwa imezoea kufuata kanuni za ujenzi na kuzisimamia.

Kwa hiyo sehemu ya fedha tunayoomba ni ya usimamizi, na usimamizi huo ni wa mambo madogomadogo ambayo kila mwanachama anaweza kuyakagua akipita kijijini.

La kwanza ni maji. Mfuko mmoja wa saruji hautakiwi kuzidi lita 25 za maji, yaani ndoo ya lita 20 na lita 5 juu yake. Ukiongeza maji, zege linakuwa laini na kazi inakwenda upesi, na saidia fundi wanafurahi. Lakini saruji huchukua maji inayoyahitaji tu. Yanayobaki hutoka na kuacha vitundu, na kila kitundu ni mahali ambapo nguvu haipo.

La pili ni mchanga. Jazeni mchanga kwenye chupa hadi kimo cha sentimita 10, mimina maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache utulie kwa saa chache. Tope litakaa juu. Likizidi milimita 8, mchanga huo uoshwe au urudishwe ulikotoka.

La tatu ni kipimo. Vitu vipimwe kwa ndoo, visikadiriwe kwa chepe. Chepe la asubuhi na chepe la saa nane mchana mtu akiwa amechoka si chepe moja.

La nne ni nafasi ya nondo. Nondo isiguse ubao wala udongo. Iwekewe vijiwe vya saruji ili zege liizunguke: sentimita 2.5 kwenye mikanda, sentimita 5 kwenye msingi. Nondo iliyoachwa karibu na nje itashika kutu, itavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

La tano ndilo la bure, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote: kumwagilia. Tulisema zege halikauki, linaungana na maji. Likinyimwa maji siku za mwanzo, muungano unakatika. Litunzwe likiwa na unyevu kwa siku zisizopungua 7, limefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Baada ya siku 7 linakuwa na kama theluthi mbili za nguvu yake, na nguvu tunayoihesabu ni ile ya siku ya 28. Anayeng'oa mbao na mihimili chini ya lenta kabla ya wakati, akisema limeshakauka, anatazama rangi tu.

La mwisho ni ushahidi. Kila siku ya kumwaga mkanda tutajaza vikasha vya chuma vya sentimita 15 kwa kila upande na kupata michemraba ya zege. Hiyo itapelekwa maabara ikabanwe siku ya 7 na siku ya 28 mpaka ivunjike, na namba zake zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na kusomwa katika mkutano kama huu.

Swali la darasa la tatu

Tunajua watasema: watoto wamebanana, wengine wanakaa chini, na nyinyi mnatupunguzia darasa. Ni kweli wamebanana. Wazazi wana haki ya kuuliza, na kamati haitawakwepa.

Jibu letu ni kwamba darasa linalojengwa leo litatumika miaka 50 au zaidi. Katika muda huo watoto wetu, wajukuu na vitukuu watakaa ndani yake siku tano kila juma. Bati likichoka tutabadilisha. Rangi ikichujuka tutapaka. Dirisha likivunjika tutatengeneza. Mkanda uliokosekana ndani ya ukuta hauongezeki kwa urahisi baada ya paa kuezekwa. Gharama yake inazidi ile ya kuuweka mwanzoni, na wengi hawaufanyi kamwe. Tukisema tutaongeza baadaye, tujue tumesema hatutaongeza.

Darasa la tatu halijafutwa. Litakuwa jengo lake peke yake, likiachana na haya mawili ili yasigongane ardhi ikitikisika, na kiwanja chake tayari kimepimwa. Tunaliomba liwe kazi ya mwaka ujao.

Jinsi ya kuchangia

Katika harambee nyingi, mtu akichangia mlango jina lake huandikwa mlangoni. Akichangia madawati, huandikwa kwenye madawati. Hatujaona jina lililoandikwa kwenye msingi, maana siku ya uzinduzi msingi umeshafukiwa na mkanda umeshapigwa lipu. Nasi leo tunaomba mchangie hasa vile visivyoonekana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kadi za ahadi mlizopewa mlangoni hazina kiwango cha fedha. Zina vitu. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji aandike mfuko mmoja. Anayeweza nondo aandike nondo. Watu watano wanaweza kuungana kwa tripu ya mchanga, kumi kwa tripu ya kokoto. Ukoo unaweza kuchukua mkanda mzima: mifuko 21, nondo 22 na ringi zake. Aliyeko mbali anaweza kulipia kipimo cha michemraba ya siku moja. Na ndugu wa kijijini wasio na fedha wana mchango usio na mbadala, yaani zamu za kumwagilia siku 7. Akina mama na vijana wa vitongoji vyetu wameshapanga zamu hizo, na tunawapongeza.

Tunaomba ahadi zitimizwe kabla ya mwisho wa Mei. Sababu si haraka ya kamati. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu ya mvua chache, na ndiyo ya kuchimba msingi na kumwaga zege. Tena saruji haihifadhiki kama mahindi. Ikikaa ghalani miezi mitatu katika unyevu wetu inapungua nguvu, na ikishaganda vibonge haifai tena. Kwa hiyo tutanunua kwa awamu, kila awamu kwa kazi ya juma hilo, na hatuwezi kununua kwa ahadi.

Daftari la vifaa litakaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila mfuko utakaoingia na utakaotoka utasainiwa na watu watatu: mjumbe wa kamati, fundi na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Mwanachama yeyote anaweza kulifungua siku yoyote ya kazi bila kuomba ruhusa. Majina ya waliochangia zege yataandikwa humo, kila jina na kitu chake na mkanda kilikoingia, ili mtoto atakayetaka kujua kilichomo ndani ya ukuta wa darasa lake apate pa kusoma.

Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kuyachunguza. Tunaleta pendekezo mbele ya mkutano: madarasa mawili yenye mikanda mitatu, yajengwe mwaka huu, na la tatu mwakani kwa kipimo hichohicho. Tunawaomba mkubali, kisha mjaze kadi.